Kitoweo kwanza, ugali baadaye: mwongozo kamili wa kurudi kwenye chakula kigumu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Ukishavuka wiki za supu, uji mwepesi na vyakula vya kusaga, unafika siku ya kuambiwa kwamba sasa unaweza kutafuna. Hapo ndipo wengi hupata taabu ambayo hawakuipata hospitalini. Mtu anakula vipande vitatu vya kuku, kwa mwendo uleule aliozoea miaka yote, na ghafla kifua kinambana, mate yanamjaa mdomoni na anakimbilia chooni. Kesho yake anaogopa nyama, anarudi kwenye uji na biskuti kwa sababu hivyo "vinapita vizuri", na miezi miwili baadaye nywele zinakatika na uzito umegoma kushuka.

Mwongozo huu unawahusu waliofanyiwa slivu, yaani waliokatwa sehemu kubwa ya tumbo, na waliofanyiwa baipasi, yaani waliotengenezewa kifuko kidogo cha tumbo kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Aliyewekewa puto tumboni ana ratiba yake, kwa kuwa hakukatwa kitu. Na pale ratiba ya hospitali yako inapotofautiana na ninayoyaandika hapa, fuata ya hospitali. Aliyekupasua anajua alichokiona ndani.

Tumbo ulilobaki nalo

Katika slivu, karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo huondolewa kabisa. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi, unaobeba takribani mililita 100 hadi 150. Katika baipasi kifuko kipya ni kidogo zaidi, kiasi cha mililita 30 mwanzoni.

Mrija wa slivu hautanuki kupokea chakula kingi kama tumbo la zamani, na kifuko cha baipasi hakina nguvu ya kusaga. Kwa hiyo kazi ya kusaga imehamia mdomoni. Kama meno yako yana matatizo, nenda kwa daktari wa meno kabla ya kufika hatua hii. Jambo hilo husahaulika mno.

Jingine ni njaa. Sehemu ya tumbo inayotolewa katika slivu ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha hamu ya kula. Miezi ya mwanzo unaweza kupitisha mchana mzima bila kuhisi njaa. Usiisubiri. Kula kwa saa.

Shibe nayo imebadilisha sura. Badala ya tumbo kujaa, utahisi mbano chini ya mfupa wa kifua, kwikwi, chafya, pua kuanza kuchuruzika ghafla, au pumzi ndefu inayokuja yenyewe. Kila mtu ana dalili yake. Ijue ya kwako mapema, maana ikishatokea, kijiko kimoja zaidi kinatosha kukutapisha.

Je, umefika?

Ratiba nyingi huenda hivi: siku moja au mbili za maji na vimiminika vyepesi, kisha vimiminika vizito mpaka wiki ya pili, vyakula vilivyosagwa wiki ya tatu na ya nne, vyakula laini vya kupondwa kwa uma hadi wiki ya sita, na chakula kigumu kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Muda huo umewekwa kwa ajili ya mshono wa ndani kupona. Hata ukijisikia mzima wiki ya tatu, mshono haujui habari hizo.

Vuka iwapo unakula vyakula laini kwa wiki nzima bila kutapika, unafikisha angalau lita moja na nusu ya maji kwa siku, na huna homa wala maumivu mapya. Kama hata supu nzito inakusumbua, usijaribu nyama. Rudi kliniki.

Hatua ya kwanza: badilisha vyombo

Weka kando sahani yako ya zamani. Tumia kisahani cha chai na kijiko cha chai. Anza na vijiko vya chakula vitatu au vinne kwa mlo mmoja, kiasi cha robo kikombe. Kufikia mwezi wa tatu wengi huweza nusu kikombe, na baada ya mwaka, kikombe kimoja hivi. Kipande cha kutia mdomoni kisizidi punje ya njegere. Wanaokula kwa mkono waendelee, mkono hauna kosa, ila tonge liwe la ncha za vidole viwili.

Usipakue kwenye sufuria ukiwa umesimama. Pakua mara moja, funika sufuria, kaa.

Hatua ya pili: geuza mpangilio wa sahani

Mezani kwetu chakula ni ugali, wali au ndizi, na kitoweo ni cha kusindikizia. Ukiwa na tumbo la robo kikombe, mpangilio huo utakuangusha: utashiba wanga kabla hujaigusa protini, na mwili utaanza kula misuli yake wenyewe. Kuanzia sasa kitoweo ndicho chakula. Kula samaki, yai, kuku au dengu kwanza, kisha mboga, na ugali ukipata nafasi. Usipoipata, hujakosa kitu.

Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina takribani gramu 6. Gramu 30 za samaki au kuku aliyepikwa zina kama 7. Kikombe cha maziwa au mtindi cha mililita 200 kina karibu 7. Hivi ndivyo siku moja inavyoweza kupangwa bila kununua unga wa protini wa bei ghali:

Saa moja asubuhi, yai moja la kuvuruga, lisikauke (6). Saa nne, mtindi au maziwa lala mililita 150, bila sukari (5). Saa saba mchana, gramu 50 za samaki wa kuchemsha na vijiko viwili vya boga (12). Saa kumi, vijiko vinne vya dengu laini zilizokorogwa na kijiko kimoja cha unga wa dagaa (10). Saa moja usiku, gramu 50 za kuku wa mchuzi na mchicha kidogo (12). Saa tatu usiku, glasi ya maziwa iliyoongezwa vijiko viwili vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta (13).

Jumla ni karibu gramu 58. Ndiyo, unakula mara sita, na siku nyingine utachoka kula. Kama hufikii hata 50, hapo unga wa protini una maana, na ni bora kuliko kujisukumia nyama usiyoiweza. Iwapo maziwa ya kawaida yameanza kukuharisha, jambo linalotokea kwa baadhi ya watu, hasa waliofanyiwa baipasi, mtindi mara nyingi huvumilika.

Unga wa dagaa naupenda kwa sababu upo sokoni na unaingia kwenye kila kitu. Chagua dagaa wakavu wasio na mchanga (wa Kigoma wana sifa hiyo), toa vichwa, waoshe, wakaushe tena, kisha wasage. Ladha yake huifunika mchuzi wa nyanya na tangawizi kidogo.

Hatua ya tatu: kipya kimoja kwa wakati

Jaribu chakula kipya kimoja tu kwa siku, ukiwa nyumbani, mchana, huna haraka. Kikikukataa, usikifute maishani. Kiache wiki mbili, kirudie.

Anza na mayai na samaki. Yai la kuchemsha likikauka hukwama, hivyo liponde na mtindi au parachichi. Samaki mwenye nyama laini, kama sato, changu au sangara, ndiye kitoweo rahisi kuliko vyote wiki hizi. Mchemshe kwa nyanya, limau na kitunguu, toa miiba kwa uangalifu wote, uponde nyama kwenye mchuzi wake. Wa kukaanga mpaka akawa mkavu, na yule wa kubanika, bado.

Jamii ya kunde ifuate: dengu, choroko, kisha maharage yaliyoiva hadi kupasuka. Loweka usiku, mwaga maji, pika. Gesi ikikusumbua, choroko zilizokobolewa ni nafuu.

Kuku: chagua paja, liache kidari. Kidari kikipoa hugeuka nyuzi kavu. Na kuku wa kienyeji, pamoja na utamu wake, ana nyama ngumu. Mpike mpaka nyama iache mfupa yenyewe. Nyama ya ng'ombe ianze ya kusaga, kwenye mchuzi mwingi. Vipande vya rosti vije baada ya mwezi wa tatu. Nyama choma iwe ya mwisho kabisa, na kuna wasioiweza tena hata baada ya mwaka. Hilo ni bora ulijue mapema.

Jambo moja linaamua mengi hapa: unyevunyevu. Nyama ileile iliyokukwama jana ikiwa kavu inaweza kupita leo ndani ya mchuzi. Kiporo kilichopashwa moto mara ya pili hukauka, ndiyo maana watu hushangaa chakula kilichowakubali mchana kinawakataa usiku. Ongeza mchuzi kabla ya kupasha, na usiivishe upya.

Sasa wanga, ambao ndio wenye kesi nyingi.

Ugali hukwama kwa sababu tumezoea kuumeza. Tonge linakandwa, linachovywa, linashuka. Kwenye tumbo jipya linashuka likiwa donge na linakaa hapohapo. Ukiutaka, usonge laini kuliko kawaida, chukua kiasi cha ukucha wa kidole gumba, uchovye, kisha *uutafune*. Wali mkavu nao hukwama. Uliopikwa laini, au bokoboko iliyopigwa vizuri na nyama, huenda vyema zaidi. Mkate mweupe wa siku hiyohiyo hugeuka gundi ukikutana na mate. Uliochomwa ukakauka hutafunika. Chapati zina mafuta na matabaka, ziahirishe. Viazi vitamu, ndizi za kupika zilizoiva na boga ni rafiki wa hatua hii. Makande yana maganda ya mahindi yasiyosagika kirahisi, nayo yasubiri.

Mboga za majani zinahitaji kisu kuliko jiko. Sukuma wiki toa mishipa yote ya katikati, katakata nyembamba, pika hadi ilainike. Kisamvu kilichotwangwa vizuri hakina shida, na mlenda husaidia vitu vingine kushuka. Kwenye matunda, papai na parachichi kwanza, kisha ndizi mbivu. Chungwa livue ngozi nyembamba ya kila kipande. Embe lenye nyuzi, ganda la nyanya, nanasi na muwa wa kutafuna viache kwanza.

Hatua ya nne: mwendo

Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Tafuna kila kipande mara 20 au zaidi, mpaka kiwe kama uji. Kuhesabu kunachosha, lakini fanya hivyo siku za mwanzo ili ulimi uzoee. Tia mdomoni, weka kijiko chini, tafuna, meza, subiri kidogo, ndipo uchukue tena.

Dakika 30 zikiisha, toa sahani hata kama kuna chakula. Mlo wa saa nzima hugeuka kudokoadokoa, na kudokoadokoa ndiko kunakorudisha uzito mwaka wa pili, kwa sababu karanga, kreki na vipande vya keki hupita bila kukushibisha.

Hatua ya tano: maji kando, chakula kando

Usinywe pamoja na chakula. Acha kunywa muda mfupi kabla ya mlo, na baada ya kula subiri dakika 30. Nafasi ni ndogo: maji yakiingia, chakula kinakosa pa kukaa, au husukumwa chini upesi na unasikia njaa mapema. Baadaye kunywa funda ndogondogo mpaka ufike lita moja na nusu au mbili kwa siku. Anayeishi kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa atembee na chupa. Upungufu wa maji ni moja ya sababu za kawaida za watu kurudishwa hospitalini baada ya upasuaji huu.

Soda na vinywaji vyote vya gesi viache. Juisi ya miwa, juisi za pakiti na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari ni kalori zisizogonga mlango. Pombe sasa hupanda kichwani haraka mno, hasa kwa wa baipasi, kwa hiyo usiendeshe hata baada ya glasi moja.

Kikikwama

Acha kula papo hapo. Simama, tembea polepole, legeza nguo. Usinywe maji kukisukuma, maana yatapanda juu yake na kukuongezea maumivu. Mdomo unaweza kujaa mate mazito yenye povu: yateme. Mara nyingi kitu hupita chenyewe au hurudi, na nafuu ni ya mara moja. Kwa saa 24 zinazofuata kula vimiminika tu, siku ya pili vyakula laini, kisha endelea.

Kukwama mara moja kwa wiki ni somo la mwendo wako wa kula. Lakini kama kila wiki vyakula vinavyopita vinapungua, kuku akikataa leo, kesho samaki, mwisho hata uji, huenda njia inasinyaa. Hali hiyo hupimwa kwa kamera ya tumbo na hutibika. Usiizoee.

Moyo kwenda mbio baada ya sukari

Hasa kwa waliofanyiwa baipasi, chakula chenye sukari au mafuta mengi kikimwagika upesi kwenye utumbo huleta jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, tumbo kukata na kuhara, ndani ya dakika 10 hadi 30 au saa moja. Aina nyingine huja saa moja hadi tatu baadaye: sukari ya damu inashuka, unatetemeka na kizunguzungu. Visheti, kaimati, kashata na soda ndio washitakiwa wa kawaida. Lala kidogo ikikupata, kisha andika ulichokula. Zile za kuchelewa zikijirudia, mwambie daktari.

Mwenye kisukari awe macho zaidi. Dozi ya insulini au glibenklamaidi iliyokufaa ulipokuwa unakula sahani nzima inaweza kukuangusha sasa. Dozi hizo hupangwa upya na daktari, na wewe upime sukari nyumbani.

Vidonge si hiari

Robo kikombe ya chakula haitoshelezi vitamini, hata ukiipanga vipi. Kawaida utaandikiwa vitamini mchanganyiko kila siku, B12 ya vidonge au sindano, vitamini D, madini ya chuma, na kalisi miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku iliyogawanywa mara mbili au tatu. Kalisi ya sitreti hufyonzwa vizuri kuliko ya kabonati kwa tumbo lenye asidi kidogo. Kama duka la dawa lina kabonati tu, imeze pamoja na chakula. Tenganisha kalisi na chuma kwa saa mbili. Chai na kahawa usizinywe pamoja na chuma, zinakizuia kufyonzwa.

Kukatika nywele kati ya mwezi wa tatu na wa sita huwapata wengi na mara nyingi hukoma. Kukizidi, chunguza protini na chuma kabla ya kununua mafuta ya nywele.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, aibuprofeni na aspirini zinaweza kuleta vidonda, hatari zaidi kwa baipasi. Waambie wauza dawa wazi kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo, kabla hawajakuchoma sindano ya mgongo unaouma.

Mezani kwa watu

Mwenyeji wetu hupima heshima kwa sahani iliyoisha. Utaambiwa "ongeza kidogo, mama", mara nne. Kwa maoni yangu si lazima kumweleza kila mtu habari za upasuaji. "Daktari ameniwekea kipimo" inatosha, na ni kweli. Kula kitu chepesi nyumbani kabla ya harusi, omba kisahani kidogo, na chukua samaki kabla ya pilau. Mpikaji wa nyumbani, akiwa dada wa kazi, mke au mama mkwe, yeye aambiwe kila kitu, maana ndiye atakayekukaushia nyama au kukuachia mchuzi.

Kwa Waislamu, kufunga Ramadhani mapema baada ya upasuaji kunagonga pale penye udhaifu: maji na protini. Madaktari wengi hushauri kuacha angalau mwaka mmoja upite, na ruhusa ya kuahirisha kwa mgonjwa ipo. Utakapofunga, anza futari kwa maji kwa funda ndogo, subiri, kisha samaki au yai. Tende moja ukiiweza, nusu ukiwa wa baipasi. Mihogo ya nazi na sambusa zina mafuta mengi, zionje tu.

Wanawake walio na umri wa kuzaa hushauriwa kuahirisha mimba kwa miezi 12 hadi 18. Waliofanyiwa baipasi waulize njia ya uzazi wa mpango isiyotegemea vidonge, kwa sababu ufyonzaji wake hauaminiki tena.

Nenda hospitali leo, usisubiri kliniki

Homa, moyo kupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umetulia, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kushindwa kubakiza hata maji kwa saa 24. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu yanaweza kuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo, ambayo huja na kupungua uzito kwa kasi.

Na kutapika kwa siku kadhaa mfululizo, pamoja na kuona vitu viwili viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa, ni dharura ya upungufu wa vitamini B1. Ndugu anayekusindikiza amwambie daktari wa zamu mambo mawili: kwamba ulifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na kwamba umekuwa ukitapika. Sindano ya B1 inapaswa kutangulia dripu ya glukosi, na katika zahanati ambayo haijawahi kumwona mgonjwa kama wewe, sentensi hizo mbili zinaweza kufanya mpangilio huo ufuatwe.